Sauti ya Kubandua Mapovu

Nyangeta, mama,

Salamu za nini, na saa haijapita tangu upite hapa na karai la sato ukanionyesha kwa mikono kwamba tumbo langu linatangulia kufika kuliko mimi? Nimeona. Nimecheka. Sasa nimekaa huku nyuma ya nyumba, juu ya jiwe, jua la alasiri mgongoni, na daftari letu la maongezi liko magotini. Leo naandika peke yangu, hutajibu chini ya mstari kama tulivyozoea. Nikimaliza nitazichana kurasa hizi, na kesho asubuhi gari likishatoka Musoma nitakuwekea mkononi. Uzisome zote kabla hatujafika Butiama. Najua umejipanga kwamba tunanyoosha mpaka Mwanza kwenye ndege. Mwanza tutafika, ndege yako ni ya jioni, muda upo. Ila kwanza Butiama, na sababu yake ndiyo hii ninayoiandika.

Mambo ya koti zito na dawa na nani wa kumpigia simu ukifika, mimi simo. Mama yako hajafunga mdomo tangu jana. Kusikia sisikii, lakini kuona naona. Amekufungia na michembe, vile viazi vyetu vikavu, kana kwamba huko kwenye baridi watu hawali. Mimi nina jambo moja tu, nimelikalia karibu miaka ishirini, na wewe ndiye uliyelibandua bila kujua.

Nianzie kwenye lile bakuli lako la kioo.

Wiki mbili zilizopita ulinikalisha jikoni. Ulijaza maji kwenye bakuli, ukatumbukiza ile hita ndogo ya kuchemshia maji ya kuoga, ukaandika: "Baba, angalia mapovu yanavyoing'ang'ania hita." Nikaangalia. Mwanangu, mimi nimechemsha maji ya kiwanda kizima miaka kumi na mbili pale Bunda, lakini ndani ya boila sijawahi kuona hata siku moja. Boila ni chuma kitupu. Yaliyomo unayajua kwa kioo kimoja chembamba cha pembeni kinachoonyesha maji yamefika wapi, na kwa sikio lako. Kumbe mle ndani kulikuwaga hivi! Vitu vidogo, vyeupe, vimejipanga kwenye chuma. Niliona raha ya mtoto.

Ukaandika kwamba hapa duniani povu likishanenepa linapanda lenyewe. Linaondoka na joto lake, maji ya baridi yanaingia mahali pake, na chuma kinapona. Lakini kule kwenye vyombo vya angani vitu havina uzito, povu halipandi. Nikakuuliza kwa mdomo, najua kwa sauti kubwa maana ulishtuka: "Kwa nini lisiende juu?" Ukaandika: "Baba, kule hakuna juu."

Lo! Nimelala na sentensi hiyo siku ngapi.

Uliendelea kuandika, unapendaga kuandika haraka nikishaelewa. Povu linakaa palepale lilipozaliwa. Linanenepa, linaungana na wenzake, mpaka chuma chote kinafunikwa na blanketi la mvuke. Maji yapo, tele, lakini hayagusi chuma. Chuma kinaungua katikati ya maji. Hapo sikuhitaji mchoro. Kila mtu aliyewahi kunyunyizia maji kwenye kikaango cha mama yako amewahi kuona tone linavyokimbiakimbia juu ya moto bila kuchemka, limekaa juu ya mvuke wake. Nikakwambia, na wewe ukanipigia makofi. Mimi, darasa la saba, nimepigiwa makofi na mhandisi.

Halafu ukaleta ile spika uliyoitoa kwenye redio yangu mbovu, ukaibana chini ya bakuli, ukaiwasha. Ukashika mkono wangu ukauweka kwenye meza, nikaipata sauti kwa vidole. Na mapovu yakaachia. Moja, matano, yote. Yalibanduka kwenye hita yakaondoka kama watu walioitwa. Ukaandika: "Ndiyo kazi ninayoiendea. Kutafuta sauti ya kuyasukuma pale ambapo uzito haupo. Tutajaribia kwenye ndege inayopanda kisha inaachiwa ianguke, kwa sekunde chache kila kitu ndani kinaelea." Nikakuuliza kama watu wataisikia sauti hiyo. Ukaandika: "Hapana baba, ni nyembamba mno, sikio la mtu haliipati. Huko sote tutakuwa viziwi." Ukacheka, halafu ukaziba mdomo, ukadhani umeniumiza.

Hukuniumiza. Nilisimama nikatoka nje kwa sababu nyingine. Nilipoweka vidole kwenye ile meza nilimkumbuka mtu aliyekuwaga ananiita kwa njia hiyohiyo. Na kesho yake ukanimaliza kabisa. Uliandika: "Baba, nani alinibeba begani nikiwa mdogo, akawa anawapigia ng'ombe mluzi wanywe maji? Ng'ombe walikuwa wanasita, akipiga mluzi wanainama. Nadhani wazo hili la sauti na maji lilinianzia hapo."

Mimi nikachukua kalamu nikaandika: "Sikumbuki."

Mwongo. Nakumbuka mpaka rangi ya ng'ombe. Mtu huyo ni Magesa, mjomba wako, kaka wa mama yako waliyenyonya naye ziwa moja. Bega lilikuwa lake, mluzi ulikuwa wake, na mto ni ule wa nyumbani kwao Butiama.

Habari za Magesa unazijua kama tulivyokupa. Kwamba tulikuwa naye kwenye boila pale Bunda, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Kwamba kazi yake ilikuwa kulinda kioo cha maji, akalala, maji yakaisha, bomba likapasuka, yeye akaungua miguu na mimi nikapoteza masikio. Kwamba ndiyo maana haji kwetu na sisi hatuendi. Ulikuwa na miaka saba. Umekua na hadithi hiyo kama unavyokua na kovu, huulizi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Mimi masikio yangu hayakuharibika siku ile. Yalikuwa yameshaharibika mwaka mzima kabla.

Ujue kwamba pale kiwandani waliniita Sikio. Si utani, ilikuwa sifa. Nilikuwa naweka ncha ya fimbo kwenye bomba, ncha nyingine nyuma ya sikio, nakwambia pampu inachoka au valvu inavuja kabla fundi mkuu hajafungua daftari lake. Sasa mtu anayeitwa Sikio anapoanza kutosikia, atasema na nani? Ilianza na ndege asubuhi. Nikadhani wamehama. Ikaja sauti yako, maana sauti za watoto ni nyembamba. Ukawa unanivuta shati nami nasema umenyamaza sana siku hizi. Nikajifunza kuangalia midomo. Nikajifunza kucheka watu wakicheka. Nikajifunza, zaidi ya yote, kutikisa kichwa. Mtu akisema kitu sijakipata, natikisa kichwa: ndiyo, ndiyo. Watu wanapenda sana mtu anayetikisa kichwa.

Mama yako sikumwambia. Niliogopa. Mtu asiyesikia haruhusiwi kukaa mbele ya boila, na sawa kabisa, asiruhusiwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani nitamwahi huyo kifo kwa ujanja.

Magesa alijua. Hakuna aliyemwambia, alijua tu, kama mtu anavyojua ng'ombe wake kaumwa. Siku moja alisimama nyuma yangu akasema jina langu mara tatu, nikaendelea na kazi. Akaja mbele, akaniangalia usoni. Niliona aibu nikataka kumpiga. Alichofanya, kesho yake alikuja na kipande cha nondo. Ujue yeye alikuwa anasimama juu kwenye jukwaa la chuma penye kioo cha maji, na mimi chini kwenye mlango wa moto, nasukuma maganda ya mbegu kwa koleo. Sakafu ya kusimamia mimi nayo ilikuwa ya chuma, imeunganishwa na jukwaa lake. Akapiga nondo kwenye chuma. Nikaipata kwenye nyayo! Tukapatana palepale kwa ishara. Pigo moja, niangalie. Mapigo mawili, punguza moto. Mapigo mengi mfululizo, maji yamekwisha, toa moto wote nje.

Tulifanya kazi namna hiyo mwaka mzima, Nyangeta, na hakuna aliyegundua. Fundi mkuu alikuwaga anamsema Magesa: "Wewe unapigapiga chuma kama mtoto, una nini?" Magesa anacheka, anasema nafukuza usingizi. Alikubali kuonekana mpumbavu ili mimi nionekane mzima. Na ikumbukwe viatu vyangu vya zamani soli ilikuwa imelika, mpaka kokoto naihisi. Kwa hiyo nondo naipata safi.

Asubuhi ya siku yenyewe tukagawiwa mabuti mapya ya mpira. Mazito, meusi, soli nene. Nilijiona bwana. Nilitembea kiwandani kifua mbele, kama siyo mtu mzima mwenye mke na mtoto. Magesa akanifuata huku anatafuna muwa, akaninyooshea kidole miguuni, akauliza kitu. Mdomo umejaa muwa, midomo yake sikuisoma. Ningeweza kusema, "Shemeji, sijakupata, rudia." Maneno matatu. Yeye peke yake duniani ndiye ningeweza kumwambia hayo bila aibu, maana siri anayo. Lakini nilikuwa na furaha na mabuti yangu. Nikatikisa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Akaridhika, akapanda juu.

Alichouliza nilikibaini baadaye, nikikumbuka kile kidole miguuni, na wewe umeshakibaini. Aliuliza, "Utanisikia na hayo?"

Ile soli ilikuwa ndiyo blanketi lako la mvuke. Chuma kilikuwa palepale, nondo ilikuwa palepale, na mimi sikuguswa.

Sijui alipiga mara ngapi. Wanawake waliokuwa nje wakianika magunia walisema baadaye kwamba chuma kililia mpaka wakaziba masikio, na alikuwa anapiga kelele jina langu. Ila wanawake hao hawakuulizwa. Mimi nilikuwa nimeinama, naongeza maganda. Nakumbuka niliongeza koleo la mwisho, nikalisawazisha vizuri kabisa, kazi safi. Halafu nikasukumwa begani nikaangukia ubavu. Magesa alikuwa ameruka ngazi nzima. Alichukua ile reki ndefu akaanza kuvuta moto nje, makaa yanamwagika miguuni mwake, yeye amevaa kandambili kwa sababu mabuti ya saizi yake hayakuwepo. Hakurudi nyuma. Alivuta mpaka mlango wa moto ukabaki mtupu. Ndipo bomba moja la ndani likapasuka, mvuke ukatoka kwa chini, ukamkuta yeye. Lingepasuka na moto ule wote umo ndani, usingekuwa unasoma barua hii, ungekuwa unasimuliwa habari za baba yako kwenye matanga.

Siku tisa baadaye tuliitwa ofisini. Magesa aliletwa kwa mkokoteni, miguu imefungwa bandeji mpaka magotini. Mimi nilishasema masikio yameondoka na ule mlipuko, kila mtu akaamini, wakanionea huruma. Mkubwa mmoja akaandika swali kwenye karatasi, akanisogezea na kalamu. "Je, mwenzako alikupa taarifa kabla?"

Niliiangalia ile kalamu. Nikawaza, nikisema nilikuwa siwezi kusikia, wataniuliza tangu lini, na nani alijua, na tutaondoka wote wawili. Ndivyo nilivyojidanganya, kwamba wote wawili ni hasara kuliko mmoja. Nikaandika: "Sikusikia."

Neno la kweli tupu. Angekuja malaika kulikagua asingekuta kosa. Wakalichukua wakalisoma wanavyotaka: kwamba hakuita. Wakampa Magesa ile karatasi aione. Aliisoma taratibu, akainua macho, akaniangalia. Nilijua ananingoja. Alikuwa na neno moja la kusema, "huyu ni kiziwi tangu mwaka jana," akawa amepona. Sikuondoa macho mdomoni kwake, kusoma midomo nilikuwa nimeshakuwa bingwa. Mdomo haukufunguka. Aliirudisha karatasi mezani, akawaomba wamtoe nje.

Walimfukuza kazi kwa uzembe. Mimi waliniaga kwa heshima, na baiskeli juu.

Mama yako alipouliza nilimwambia lilelile, sikusikia kitu. Akamkasirikia kaka yake kwa kuniharibia masikio. Nilimwacha akasirike. Kila mwaka nilikuwa nasema nitamwambia baada ya mavuno, baada ya Krismasi, baada ya wewe kufanya mtihani. Kwenye msiba wa bibi yako pale Butiama Magesa alikuja anachechemea na fimbo, akakaa na wageni. Msiba wa mama yake mzazi, anakaa na wageni! Mama yako alipita mbele yake bila kumpa mkono. Nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika sahani ya wali. Nikaendelea kula.

Usidhani nimekuwa na raha. Upweke wangu mnadhani ni wa masikio. Siku ya ile harusi ya kule Nyegina uliniona nimepiga makofi wakati wenzangu wameshamaliza, ukanishika mkono ili watu wasione. Hiyo si kitu, hiyo nimezoea. Ninachoshindwa kuzoea ni kwamba miaka yote hii kila anayenionea huruma anaihurumia hadithi. Mkininyamazishia watoto wa jirani kwamba "mwacheni mzee, aliumia kazini," najisikia kama niko nyuma ya kioo kinene. Mko karibu, nawaona, na hakuna anayenigusa mimi mwenyewe. Mtu mmoja tu alijua nilivyo, na huyo ndiye niliyemtupa.

Sasa Jumapili, baada ya kanisa, nilifunga mlango wa jikoni nikamwambia mama yako. Nilisema kwa mdomo. Sauti yangu siijui siku hizi, huenda mtaa mzima ulisikia, na usikie. Alikuwa anachambua dagaa. Aliendelea kuchambua mpaka wakaisha, akaosha mikono, akatoka. Siku mbili hakugusa daftari. Wewe ukadhani ni huzuni ya safari yako, ukawa unamkumbatiakumbatia. Jana asubuhi alichukua kalamu. Aliandika mistari miwili, na nimeichana nikaiweka mfukoni ili usiione kabla ya wakati wake. Wa kwanza: "Nimemzika ndugu yangu akiwa hai kwa ajili ya neno lako." Wa pili: "Mtoto haondoki bila mjomba. Utasema wewe mwenyewe."

Unajua mila yetu, hata kama Dar es Salaam imekusahaulisha. Mtoto anayekwenda mbali, mjomba ndiye anayepiga funda la maji akampulizia kifuani, ndipo njia inafunguka. Ulipokwenda chuo tulikupeleka hivihivi. Nilisema mambo ya zamani hayo, tumeokoka. Aka! Nilikuwa naogopa ukimwona Magesa utalikumbuka bega lake.

Ushauri wangu ni mdogo, na siutoi kwenye kitabu. Huko uendako watazungumza kwa haraka, na lafudhi yao si ya walimu wako. Kuna siku mkubwa wa maabara atasema jambo mbele ya watu, wewe hujalipata, na wote watakuwa wanatikisa vichwa. Shingo yako itaanza kwenda yenyewe. Ishike, mama. Sema, "Sijasikia, rudia." Waone wewe ni mshamba, haidhuru, ushamba unaisha kwa wiki. Na siku mtakapokuwa kwenye hiyo ndege inayoangushwa, mkapiga hiyo sauti yenu na mapovu yakagoma kubanduka, andika yamegoma. Usiandike neno la kweli lililokaa upande. Nalijua neno hilo, nimeishi nalo nyumba moja.

Na akitokea mtu anakupigia chuma kwa namna yake ya ajabu, watu wakimcheka, usimwache. Hao si wengi.

Wewe kuondoka kunaniuma, niseme tu. Mama yako kalamu haipendi, na sasa ana haki ya kutoipenda zaidi. Jirani ananisalimia kwa kupunga, tunamaliza hapo. Wewe ndiye ulikuwa unakaa chini unaandika kila kitu, mpaka utani wa sokoni. Mwezi huu mmoja uliokuwa unangoja viza tumejaza daftari mbili. Kuanzia kesho kutwa itabaki hii nusu, na mimi, na ziwa lisilotoa sauti. Naogopa. Nimekuwa naogopa tangu ulipoonyesha ile barua ya kukubaliwa, na siku ile nilicheka na kupiga vigelegele kuliko wote.

Basi kesho iko hivi. Nimeshapatana na kijana wa mchomoko, zile gari ndogo za abiria, anatuchukua saa kumi na mbili asubuhi, wewe, mimi na mama yako. Magesa hajui tunakuja. Sikutaka kumpelekea simu, angekuwa na haki ya kuondoka nyumbani. Saa hizo atakuwa mtoni ananywesha ng'ombe, wamebaki sita, nimeulizia. Ukimwona anachechemea usiangalie pembeni, iangalie hiyo miguu. Ndiyo iliyokulea. Nitasimama mbele yake na mbele yako na mbele ya mama yako, nitasema yote, kwa sauti yangu hii ya kiwandani. Sitamwomba akupulizie maji kwa ajili yangu. Kama atakupulizia, iwe kwa sababu alikubeba. Kama atatufukuza, tutapanda gari, tutakwenda Bunda tukadake basi la Mwanza, na utasafiri ukijua njia yako imefungwa na nani. Si mjomba.

Lakini kuna jambo moja siliwezi, na ndilo ninalokuomba. Kusema nitasema, jibu sitalisikia. Uso wake nao nina hofu sitaweza kuuangalia kiasi cha kusoma midomo. Kwa hiyo uje na daftari na kalamu. Simama karibu naye. Kila atakachosema, andika. Akinitukana, andika tusi lilivyo. Akisema nisikanyage tena kwake, andika. Akinyamaza kama alivyonyamaza ofisini, andika kwamba amenyamaza, na amenyamaza kwa muda gani. Najua moyo wako, utataka kunipunguzia, utaona nywele zangu nyeupe uandike neno laini kidogo. Usinipunguzie hata herufi.

Mimi nilipewa kalamu nikaandika sikusikia. Wewe masikio yako ni mazima, mwanangu. Andika ulichosikia.

Baba yako